Mbegu za mgunga hazioti: nichemshe au nisichemshe?

SWALI: Shikamoo Bwana Miti. Nina kitalu kidogo Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Nimepata oda ya miche 600 ya shule, wanataka kupanda mvua za Desemba. Niliambiwa mbegu za miti zote ngumu zichemshwe dakika kumi ndipo zipandwe. Mwezi wa saba nikachemsha mgunga, mkwaju, mpingo na mwarobaini kwenye sufuria moja. Mgunga nilipanda mbegu 200, zikaota 14. Mkwaju, mpingo na mwarobaini haikutoka hata moja. Mbegu za mkwaju ni za hapa nyumbani, natengeneza juisi ya kuuza. Mwarobaini nilinunua gulioni. Nikaogopa, awamu ya pili nikapanda mgunga mbegu 300 kavu bila kuchemsha, sasa ni wiki ya tano nimepata 21 tu. Jirani anasema nitumie asidi ya betri ya gari. Sasa hivi ni Septemba na muda unakwisha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa hasara. Kabla ya kukujibu nilichukua kalamu nikapiga hesabu zako. Miche 14 kati ya mbegu 200 ni saba kwa mia. Miche 21 kati ya mbegu 300 ni saba kwa mia vilevile. Mtu akiangalia juu juu atasema aliyekuuzia mgunga kakuibia. Mimi sisemi hivyo. Zile za kwanza uliziua jikoni. Zile za pili zimelala. Maiti na mtu aliyelala fofofo wote hawaitiki ukiwaita, lakini mmoja unaweza kumwamsha, na ndiyo maana nakuomba udongo wa vile viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, vya awamu ya pili usiumwage kwanza. Nitaurudia mwishoni.

Huyo aliyekushauri uchemshe hakudanganya kabisa. Maji ya moto ni dawa. Tatizo ni kwamba ni dawa ya ugonjwa mmoja tu, na kwenye sufuria yako walikuwamo wagonjwa wa aina nne, mmoja wao alishakufa siku nyingi kabla hajafika kwako.

Chukua punje moja ya mgunga uiweke kiganjani. Ni ya kahawia, inang'aa kama imepakwa vanishi. Ubavuni ina mstari uliopinda kama alama ya kwato. Kwenye ncha moja, pale ilipokuwa imeshikana na ganda lake, kuna kovu dogo. Ngozi ya mbegu hiyo imejengwa kwa seli ndefu zilizosimama wima na kubanana, kama fito za ukuta wa tembe, na juu yake kuna kitu kama nta. Maji hayapiti. Ukiiloweka mwezi mzima itatoka kavu ndani kama ulivyoiweka. Lakini jirani na lile kovu pana sehemu moja dhaifu, ndogo kuliko ncha ya sindano. Sisi tunaiita kizibo. Joto kali la ghafla likiifikia, kizibo hupasuka, na kuanzia hapo maji ya kawaida yanaingia yenyewe.

Kwa hiyo maji ya moto hayalainishi mbegu kama unavyolainisha maharage. Yanafungua kizibo, basi. Na kizibo hufunguka ndani ya sekunde chache mpaka dakika chache. Dakika zote zinazobaki juu ya jiko ni za kuua kiini kilichomo ndani. Mgunga wako uliokaa dakika kumi kwenye maji yanayotokota, kizibo kilifunguka mapema, halafu ukaendelea kuupika. Zile 14 zilizosalimika nadhani ni zile zenye ngozi ngumu kupita wenzake.

Usiuone usingizi huo kuwa ni ubaya wa mbegu. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Unajua mwenyewe mvua ile ya kudanganya: inanyesha siku moja, watu wanakimbilia majembe, halafu jua linawaka wiki tatu. Mgunga ambao mbegu zake zote zingeota kwa mvua ile usingekuwa na wajukuu. Kwa hiyo mti huo unagawa: chache zinaota mwaka huu, nyingine mwakani, nyingine miaka kadhaa baadaye. Wale waliokuwapo Kondoa wakati wa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO ulioanza 1973, wanakumbuka mifugo ilipoondolewa mwaka 1979. Ardhi iliyokuwa makorongo na vumbi ilirudisha majani na vichaka, sehemu kubwa bila mtu kupanda. Vilitoka kwenye visiki na mizizi, na kwenye mbegu zilizokuwa zinasubiri udongoni.

Sasa jambo ninalotaka ulichukue, hata kama mengine yote utayasahau: kabla hujaipa mbegu dawa yoyote, iulize kama inakunywa maji. Hilo linagharimu glasi moja na usiku mmoja. Hesabu mbegu 20 za aina moja, zitie kwenye glasi ya maji ya kawaida saa kumi na mbili jioni, weka mezani. Pembeni weka punje chache kavu za kulinganishia. Asubuhi zitazame. Mbegu iliyokunywa maji haifichi: imevimba, wakati mwingine imekuwa kubwa mara mbili, rangi imefifia, ukiibonyeza kwa kucha inakubali. Isiyokunywa ni ndogo na inang'aa vilevile kama jana.

Zikivimba karibu zote, huna haja ya moto wala kisu. Loweka usiku mmoja, panda. Zikibaki ngumu karibu zote, hapo ndipo maji ya moto yana kazi. Zikigawanyika nusu kwa nusu, zilizovimba panda, ngumu zishughulikie peke yake. Kumbuka tu kwamba kuvimba si uhai. Mbegu iliyokufa nayo inavimba, tena inavimba haraka. Ndiyo maana baada ya glasi unachukua punje tano kati ya zilizovimba unazipasua kwa wembe. Ndani pakiwa peupe au kijani kibichi, pamekaza, ni nzima. Pakiwa pa kahawia, pana ute au harufu, au pana tundu la bungua, usipoteze kiriba.

Ungefanya hivyo mwezi wa saba, mpingo ungekuambia wenyewe. Mbegu ya mpingo ni nyembamba, bapa, ngozi yake ni laini, na ikiwa mpya inakunywa maji usiku huohuo. Haihitaji chochote zaidi ya kulowekwa kuanzia jioni hadi asubuhi. Kuitia kwenye maji yanayochemka ni sawa na kuchemsha mchicha dakika kumi. Mti ule mbao yake ni ngumu ajabu, ndiyo maana watu wanadhani na mbegu yake ni ngumu. Nimesikia hoja hiyo mara nyingi hata kwa watu waliosoma misitu. Ugumu wa mbao hauhusiani hata kidogo na ugumu wa mbegu.

Mwarobaini ndio yule aliyekufa zamani. Mbegu zake hazitunziki. Zikikaa wiki kadhaa dukani kwenye joto, uhai unapotea, na ulizonunua gulioni hakuna anayejua zilichumwa lini. Hata zingekuwa hai, maji ya moto yangezimaliza. Mwarobaini unataka hivi: okota matunda yaliyoiva, yawe ya manjano, yamenye siku hiyohiyo, osha ule ute wote, anika kokwa kivulini siku mbili tatu, panda ndani ya wiki mbili. Ukitaka kununua, pasua kokwa chache mbele ya muuzaji. Kiini kikiwa kijani, lipa. Kikiwa cha kahawia, msalimie uondoke. Na kama matunda hayapo sasa, tazama kwenye mabomba ya maji na pembeni ya bafu chini ya miarobaini ya mtaani, mara nyingi kuna maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe. Yang'oe jioni pamoja na udongo wake, yakiwa na majani manne hivi, uyahamishie kwenye kiriba.

Mkwaju, mama, nina swali la kindugu. Juisi unaitengenezaje? Wengi wetu tunachemsha ukwaju mpaka unalainika, tunachuja, halafu mbegu zinabaki kwenye chujio safi kabisa, zinavutia kupanda. Hizo zilishapikwa mara moja kabla hujazipika mara ya pili. Siku utakapotaka mbegu, ukwaju wa sehemu hiyo uloweke kwenye maji baridi, uukande kwa mkono, osha. Mbegu hizo zinafaa. Ni hadithi ileile ya ubuyu wa sukari na rangi: watoto huleta zile kokwa wanataka kupanda mbuyu, na mimi huwaambia wakaombe ubuyu ambao haujapita jikoni. Mkwaju mpya huota vizuri kwa kulowekwa tu usiku kucha. Uliokaa miezi mingi ngozi inakuwa ngumu zaidi, hapo uukwaruze kidogo kwenye zege au kwa msasa kisha uloweke. Jipe wiki moja mpaka mbili, mingine itachelewa kidogo.

Turudi kwenye mgunga, maana ndiyo wenye kazi.

Maji ya moto kwa mgunga yanafanywa hivi. Pima kikombe kimoja cha mbegu, na vikombe kumi vya maji. Chemsha maji peke yake, mbegu zikiwa bado mezani. Yakitokota, ipua. Narudia, ipua, sufuria iwe chini, moto ubaki jikoni. Subiri mapovu yatulie, kama dakika moja, ndipo umimine mbegu, ukoroge kwa mwiko mara chache. Usifunike. Maji yakishafikia hali ya mkono wako kuvumilia, yamwage, weka maji mapya ya kawaida, acha mpaka kesho yake muda kama huo. Kwa mwinuko wetu wa kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari maji yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo tuna nafuu kidogo kuliko wenzetu wa Pwani, lakini nafuu hiyo haitoshi kuokoa mbegu inayochemshwa dakika kumi.

Kitu ambacho maelekezo mengi hayasemi ni ukubwa wa chombo. Niliwahi kulijua hilo kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, kwenye kitalu kimoja nisichokitaja, tulikuwa na debe zima la mbegu za mjohoro. Karatasi ilisema mimina kwenye maji yaliyochemka, acha yapoe mpaka asubuhi. Sisi tukachukua pipa la lita 200, tukachemsha kwa kuni, tukaondoa moto, tukamimina mbegu, tukafunika na gunia vumbi lisiingie, tukaenda kulala. Asubuhi nilitia mkono nikautoa haraka: bado ni ya moto. Harufu ilikuwa ya maharage. Mbegu zote zilikuwa zimevimba vizuri mno na tulifurahi, tukazipanda siku mbili bila kupumzika. Wiki ya pili tulifukua tukakuta uji. Karatasi ile iliandikwa na mtu aliyetumia birika. Lita mbili za maji zinapoa upesi. Pipa linatunza joto usiku mzima, na usiku mzima wa joto ni kupika. Tangu hapo sizidishi ndoo ndogo kwa mkupuo mmoja, hata mbegu ziwe nyingi kiasi gani.

Asubuhi inayofuata utaona kitu kizuri. Mbegu iliyofunguka inaanza kwa kukunja ngozi karibu na kovu, kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, halafu mkunjo unasambaa, halafu yote inatuna. Zimwage juu ya chekeche ambalo tundu zake zinapitisha mbegu ndogo lakini hazipitishi iliyovimba. Zilizobaki juu panda siku hiyohiyo, usiziache zikauke tena. Zilizopita chini bado zimelala, na usishangae zikiwa nusu nzima au zaidi. Mgunga wa miti tofauti, hata matawi tofauti, haulingani ugumu. Hizo zirudishie maji ya moto mara nyingine, au uzikate.

Na hapa ndipo nataka nikushawishi. Oda yako ni miche 600, na mgunga ni sehemu yake tu. Huna haja ya moto kabisa. Nunua kikata kucha, kile kidogo cha kubana. Shika mbegu kwa vidole viwili, kovu likiangalia kiganjani mwako, na ubane ncha ya upande wa pili, ule ulio mbali na kovu. Utasikia mlio mdogo wa kuvunjika, na utaona doa la rangi hafifu limejitokeza chini ya ile kahawia. Ukiliona doa, acha. Unatafuta tundu la kupitisha maji, si kipande cha nyama. Upande wa kovu usiuguse kwa sababu mzizi mchanga umejikunja huko. Ukiukata huo umekata maisha. Mtu akishazoea anamaliza mia kadhaa jioni moja huku akisikiliza redio. Macho yakisumbua, tumia tupa au sugua ubavu wa mbegu kwenye sakafu ya zege mpaka rangi ibadilike. Baada ya hapo loweka usiku mmoja tu kwenye maji ya kawaida. Mbegu nzima iliyokatwa namna hii haina kisingizio: mgunga uliokatwa nimeuona unachungulia siku ya tano au ya sita. Kwa mbegu chache hakuna njia inayoshinda hii, na nashangaa kwa nini watu wanakimbilia sufuria kwanza. Nadhani ni kwa sababu kuchemsha kunaonekana ni utaalamu zaidi.

Jirani yako na asidi ya betri mwambie asante, halafu usifanye. Kweli ipo njia ya tindikali, na kwa mbegu kama za mbuyu inafanya kazi sana. Lakini inayotumika maabara ni tindikali ya salfuri yenye nguvu ya asilimia 95 na zaidi, kwa muda uliopimwa kwa saa, na anayeishika ana glavu, miwani na maji mengi ya bomba pembeni. Ya betri imeshazimuliwa, nguvu yake ni kama theluthi. Haitafungua mbegu kwa muda unaotarajia, lakini itakutoboa kanga na kumtoboa mtoto macho. Na hiyo kali yenyewe ukikosea ukamimina maji ndani yake, badala ya yenyewe ndani ya maji, inachemka na kukurukia usoni. Mimi nina shati moja la kaki lenye matundu tangu nikiwa chuoni, na nilikuwa nimesimama mbali.

Wagogo hawakuhitaji tindikali, walikuwa na mbuzi. Maganda ya mgunga yakidondoka kiangazi mbuzi wanayala, mbegu nyingine zinasagwa, nyingine zinatemwa usiku wakicheua, nyingine zinapita tumbo zima zikatoka na kinyesi. Asubuhi ukifagia zizi unazikuta zimejaa. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba tumbo la mnyama linaua vidudu vya bungua vikiwa bado vichanga ndani ya mbegu, ikiwa ganda limeliwa mapema. Maganda yaliyokaa chini ya mti mwezi mzima utakuta kila mbegu ina tundu. Kwa hiyo mbegu za zizini mara nyingi ni safi kuliko za kuokota. Ila msidanganyane kwamba zote zimeamka. Zioshe, zipitishe kwenye glasi ya maji usiku mmoja kama nyingine, ndipo ujue.

Kuhusu upandaji sina mengi, wewe unakijua kitalu chako. Panda moja kwa moja kwenye kiriba, mbegu mbili kila kimoja, maana mgunga unashusha mzizi haraka kuliko unavyoinua jani na hauchukui vizuri kuhamishwa. Fukia kina cha mara mbili ya unene wa mbegu, usizidishe. Mbegu iliyoamshwa ikikaa kwenye udongo uliolowa kila saa inapata kinyausi, shina linanywea pale chini na mche unalala. Mwagilia asubuhi, jioni kidole kikigusa unyevu acha. Kivuli kiwe chepesi, na baada ya wiki tatu kianze kuondoka. Julai ulikuwa na baridi ya usiku pia, nayo inachelewesha. Septemba hii joto liko upande wako.

Tukubaliane kuhusu muda. Mgunga ukiamka wiki hii utakuwa na miezi mitatu kufika Desemba, inatosha. Mwarobaini pia, ukipata kokwa mpya au maotea. Mkwaju utakuwa mfupi lakini wenye nguvu, shule wakikubali kuupanda Januari ni bora zaidi. Mpingo usiuahidi mwaka huu. Unakua polepole, na ukiupeleka shuleni una urefu wa kidole utaliwa na mbuzi kabla ya likizo. Zungumza na mwalimu mapema, mwambie mpingo utauleta msimu ujao, na pengo ulizibe kwa mgunga. Kama eneo lao lina visiki vinavyochipua, mshauri pia wachague machipukizi mawili matatu kila kisiki wayapogoe na kuyalinda, ile kazi ya kisiki hai inayofanyika vijiji vingi vya Dodoma. Kisiki hakihitaji kuota, mzizi wake upo tayari. Najua hilo halikuuzii mche, lakini mwalimu aliyeshauriwa vizuri hurudi mwakani.

Umeandika pia chini ya barua kwamba wateja wanakuuliza miti mingine. Mkongo, ile mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu: toa kofia, kata upande usio na kofia, loweka siku moja. Mbuyu ukate au uukwaruze sana, maji ya moto nayo yanasaidia, na uwe na subira ya wiki tatu. Mlonge loweka usiku mmoja tu. Mninga una kazi ya kuutoa mbegu kwenye ganda lile lenye miiba bila kuivunja, na hata ukiota, mche wake hukauka juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku ukijenga mzizi. Mteja atadhani umemuuzia mti mfu, kwa hiyo mweleze kabla hajalipa. Msaji hulowekwa usiku na kuanikwa juani mchana kwa wiki moja mpaka mbili, lakini huo sikushauri uuze Kongwa. Msaji ni wa Kilombero na Longuza, kwenye mvua. Kongwa mna kumbukumbu ya watu waliokuja 1947 na matrekta kulima karanga bila kuuliza kwanza udongo na mvua, na kufikia 1951 mradi ule ukafutwa.

Mbegu za msimu ujao, kama hukusanyi mwenyewe, zinunue mahali ambapo wanaweza kukuambia zilikusanywa lini na zinaota ngapi kwa mia. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wana kituo cha mbegu za miti Morogoro, na ofisi zao za wilaya zinaweza kukuelekeza. Ukikusanya mwenyewe, chuma maganda ya mgunga mtini kabla bungua hajafika, yatoe mbegu, hifadhi zikiwa kavu kwenye chombo kinachofunga, andika tarehe.

Sasa vile viriba vya awamu ya pili. Ulipanda 300, zikaota 21. Zilizobaki ni 279, na kwa mbegu ambayo haijapita kwenye moto wala haijanywa maji, wiki tano udongoni si kitu. Viriba vyenye miche viache. Vilivyobaki vipindue juu ya turubai, udongo ukauke juani saa mbili tatu, upitishe kwenye chekeche, utaziokota zinang'aa kama ulivyozinunua. Chache zitakuwa zimeoza au zimetobolewa, hizo tupa. Nyingine kaa nazo jioni na kikata kucha, loweka, na kesho yake zirudishe kwenye viriba vilevile, udongo ule ule. Kama ulikuwa unapanga kununua kilo nyingine ya mgunga, subiri kwanza uone hizo.